Shwari ni ya Nani?

Kwa Waswahili wa pwani, shwari ni hali ya bahari kulala kwa kukosa upepo, na neno hilo moja limebeba habari mbili zisizopatana. Kwa mwenye boti ya injini, na zaidi kwa mpiga mbizi, shwari ni neema. Kwa nahodha wa jahazi ilikuwa balaa: tanga limening'inia kama nguo kwenye kamba, maji ya kunywa yanashuka pipani, tende na mchele vinaliwa, na pwani iko pale pale ilipokuwa jana. Qurani inauhesabu upepo katika rehema. Sura ya Ar-Rum inautaja kama mleta bishara unaoendesha vyombo, na sura ya Ash-Shura inataja kutulizwa kwake, vyombo vikaganda juu ya mgongo wa bahari, kama ishara ya uwezo inayopaswa kumtia mtu adabu. Mgeni aliyekuja Unguja kujaribu kuzamia kwa mara ya kwanza angeiona ishara hiyo hiyo dirishani asubuhi na kushukuru.

Swali linalotokea hapo ni la kifalsafa kabla ya kuwa la ubaharia: je, shwari ni sifa ya bahari, au ni sifa ya aliye juu yake? Watu wanaochukua wanagenzi kwenda kuzamia karibu na pwani hulijibu kila siku kabla ya kung'oa nanga, hata kama hawalitamki hivyo, na jibu likikosewa anayelipa ni mtu asiyejua kwamba swali liliulizwa.

Miamba iliyo magharibi ya Mji Mkongwe wa Zanzibar inafaa kutazamwa kwa karibu. Pange, Bawe na Murogo haziko mbali. Boti huzifikia chini ya saa moja. Sakafu ni ya mchanga, matumbawe yako juu juu, na Pange kina chake hakizidi mita 14 hivi. Kisiwa chenyewe cha Unguja kimesimama kama ukuta kati ya miamba hiyo na bahari kuu, kwa hiyo mawimbi ya Bahari ya Hindi hayafiki hapo na nguvu zake zote. Mnemba, upande wa kaskazini-mashariki, haina ukuta huo. Pemba ina kuta za matumbawe zinazotumbukia gizani na mikondo inayojulikana kwa ukali. Wazoefu huifuata kwa sababu zile zile zinazoifanya isiwe mahali pa kuanzia.

Misimu nayo ina neno lake. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, kusi tangu mwisho wa Aprili hadi Septemba au Oktoba na kwa ukali zaidi Juni na Julai, na kati yao huja tanga mbili, wakati upepo haujaamua uelekee wapi. Hapo ndipo bahari hulala kuliko wakati mwingine wowote, ingawa tanga mbili ya Aprili huangukia kwenye masika, maji ya nchi kavu yakaingia na tope na mwanga ukapotea. Hata miezi haigawiki kuwa mizuri na mibaya bila kuuliza: mizuri kwa nani, na kwa kazi gani?

Upepo una kipimo kinachosomeka. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitangaza upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, mjadala kuhusu wanagenzi umekwisha. Ugumu uko chini ya hapo, kwenye siku ambazo hazikutangazwa. Upepo wa kilomita 15 hivi kwa saa huanza kutia vishungi vya povu hapa na pale. Ukifika 25 weupe huo umeenea kila upande. Ila macho yakiishia kwenye povu hudanganyika, kwa maana kinachomsumbua mtu aliye chini ni kitu kingine. Nguvu ya wimbi hushuka majini hadi kina kinacholingana na nusu ya umbali kutoka mgongo wa wimbi moja hadi mgongo wa linalofuata. Viwimbi vya upepo wa karibu, vinavyopita kila baada ya sekunde 3, vimeachana kwa mita 14 hivi. Mtu aliye mita 8 chini hana habari navyo. Mawimbi marefu yaliyozaliwa na dhoruba ya mbali, yakipita kila baada ya sekunde 10, yameachana kwa zaidi ya mita 150, na nguvu yake hugusa sakafu ya mwamba wowote ambao mwanagenzi anaruhusiwa kuufikia. Juu ya maji mawimbi hayo huenda yasitambulike: ni kunyanyuka na kushuka taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Chini, majani yote ya bahari huinama upande mmoja, yakasita, yakainamia wa pili, na mtu asiyezoea huenda nayo, kichwa kikamzunguka, chai ya asubuhi ikaanza kupanda kooni. Bahari iliyochafuka usoni inaweza kuwa na utulivu ndani, na iliyonyooka kama kioo ikawa na msukosuko sakafuni.

Mkondo ni mgumu zaidi kwa sababu hauna rangi wala sauti. Upepo ukienda upande mmoja nao, uso wa maji hulainika; vikikabiliana, maji husimama na kuchafuka. Mgeni ataipenda ile siku laini, ambayo huenda ndiyo siku ya kumpeleka mbali. Zanzibar maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Siku za maji mafu ni kama mita moja tu. Maji yote hayo yana saa sita hivi za kupita, na hayapiti sawasawa: karibu nusu yake hupita katika saa mbili za katikati. Bamvua huwafurahisha wakulima wa mwani wa pwani ya mashariki, kwa kuwa maji hutoka mbali na kuwaachia mashamba wazi. Siku hiyo hiyo, kwa sababu hiyo hiyo, milango ya miamba hugeuka mito. Katika ghuba ya Chole huko Mafia, ambako maji huingia na kutoka kwa kupita kwenye milango ya mwamba, ratiba ya kuzamia hupangwa na mwezi na mwenye boti huitii.

Mkondo unaweza kupimwa bila chombo chochote cha kisasa. Boti ikiwa imefungwa kwenye boya, nahodha hutazama kamba kwanza. Ikisimama wima, na vinyuzi vya ukoga vilivyoota juu yake vikining'inia bila kuelekea popote, maji yamesimama. Ikilala, na boya likachora nyuma yake mstari kama wa chombo kinachokwenda, basi boya ndilo lililosimama na bahari ndiyo inayosafiri. Kisha hutupa kipande cha kumbi la nazi omoni na kuhesabu. Boti ina mita 8. Kumbi likifika tezi kwa nusu dakika, mkondo unakwenda karibu kilomita moja kwa saa, mwendo wa mtoto anayejikokota kwenda chuoni. Haionekani kuwa kitu. Lakini ni mita 16 kwa dakika, na kwa dakika 40 za kuwa chini ni zaidi ya mita 600 kutoka boti ilipo. Anayejaribu kuupinga hugundua jambo la pili: mwendo ukizidi mara mbili, ukinzani wa maji huzidi mara nne. Mzoefu hushuka karibu na sakafu, ambako mkondo ni hafifu, akatulia nyuma ya jiwe. Mwanagenzi hupiga mapezi kwa nguvu zake zote, akahema, na akiwa mita 10 chini kila pumzi huchota mtungini hewa mara mbili ya ile ambayo ingechotwa juu.

Yaliyobaki ni mepesi kuyasema. Kwa kanuni zinazofuatwa na vyama vikubwa vya kuzamia, jaribio la kwanza huishia mita 12, na cheti cha kwanza mita 18. Mkufunzi akipotea machoni akiwa mita 5 tu mbele, hakuna somo siku hiyo. Na ngazi ya boti isisahaulike, kwa maana wimbi la nusu mita ambalo halikumgusa mtu chini huiinua ngazi ya chuma na kuishusha karibu na kichwa cha anayejaribu kuipanda na mtungi mgongoni. Wageni huuliza habari za papa. Hakuna anayeuliza habari za ngazi.

Plato, katika Theaetetus, anautumia upepo kueleza msimamo wa Protagoras kwamba mtu ndiye kipimo cha vitu vyote. Upepo mmoja unavuma. Huyu anasikia baridi, mwenzake hasikii. Je, upepo wenyewe una baridi? Kwa Protagoras una baridi kwa anayeisikia na hauna kwa asiyeisikia, na hakuna zaidi ya hapo. Mkulima wa mwani na mpiga mbizi, nahodha wa jahazi na wa boti, wote wanaonekana kumuunga mkono. Lakini kuzamia kunamvunja mahali asipotarajia. Mwanagenzi anayepelekwa na mkondo wa kilomita moja kwa saa hasikii chochote. Maji yanayomzunguka yanakwenda naye. Anaona matumbawe yakipita chini yake na kufurahi kwamba leo amejua kuogelea. Kwa hisia zake bahari imetulia, na hisia hiyo ni yake kweli, ila yuko hatarini. Basi shwari humhusu mtu bila kutegemea maoni yake. Ni uhusiano kati ya maji yenye nguvu fulani na mwili wenye uwezo fulani, kama kiatu kumtosha mtu. Kutosha hakumo ndani ya kiatu wala ndani ya mguu, lakini hakupigiwi kura.

Francis Beaufort wa jeshi la wanamaji la Uingereza aliliona jambo hilo kwa jicho la kazi. Mizani ya upepo aliyoanza kuitunga mwaka 1805, ilipoingia katika matumizi ya jeshi hilo, haikutaja mwendo wa upepo kwa tarakimu. Ilieleza upepo kwa matanga ambayo manowari ingeweza kuyabeba: kuanzia ule unaokiwezesha chombo kusogea tu, hadi ule ambao hakuna turubai linaloustahimili. Tarakimu za mwendo ziliongezwa baadaye. Mizani ya kuzamia ingefaa kuandikwa vivyo hivyo, kwa kutaja nani anaweza nini, na kila nahodha mzuri anayo kichwani: maji haya ni ya mwanagenzi, haya ya mwenye mizamo hamsini, haya ya kubaki nyumbani kushona nyavu.

Ikiwa shwari ni uhusiano, kuijua kunadai kujua pande mbili, na hapo elimu ya nahodha huachana na ya mtabiri wa hali ya hewa. Mtabiri anaijua bahari. Nahodha lazima amjue pia yule bwana aliyekaa kimya kwenye ubao tangu boti iondoke, anayefungua na kufunga mkanda ule ule kwa mara ya tatu. Katika kitabu chake cha maadili Aristotle anasema kanuni za jumla hazimwamulii mtendaji. Yeye mwenyewe hana budi kuangalia wakati unataka nini, kama katika utabibu na ubaharia. Mbele kidogo anaongeza kwamba watu hushauriana zaidi katika ubaharia kuliko katika mazoezi ya viungo, kwa kuwa ubaharia haujawekewa kanuni kamili kama zile. Ahmad ibn Majid wa Julfar, katika karne ya 15, aliandika kitabu kizima cha nyota, misimu na dalili za nchi kavu kwa ajili ya manahodha wa Bahari ya Hindi. Kitabu cha namna hiyo kinaweza kumwambia mtu lini avuke. Hakiwezi kumwambia kama yule bwana wa mkanda azamishwe leo.

Tena kuna tatizo la wakati. Nafasi huuzwa jioni, na bahari inayouzwa ni ya kesho. Swali la Aristotle kuhusu vita vya baharini vya kesho, kama ni kweli tangu leo kwamba vitakuwepo, limejadiliwa kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Alichokubali yeye ni kwamba lazima vita viwepo au visiwepo, ila hakuna kimojawapo ambacho peke yake ni lazima. Sura ya Al-Kahf inalifikia jambo hilo kwa njia ya adabu ya ulimi: mtu asiseme atafanya jambo kesho ila aongeze, Mungu akipenda. Vibandani ufukweni neno inshallah limechoka, linatumika kumwondoa mteja kwa upole. Likitamkwa kwa maana yake kamili ni taarifa sahihi kuliko bango lolote, kwani linasema wazi kwamba anayeahidi hakimiliki kitu anachokiahidi.

Mwingereza W. K. Clifford, mwanahisabati ambaye mwaka 1870 alinusurika chombo kilipovunjika pwani ya Sicily, alichapisha mwaka 1877 makala kuhusu maadili ya kuamini, nayo inaanza na kisa cha mwenye meli. Meli imechakaa na inakwenda kujaa wahamaji na watoto wao. Mwenye meli ana shaka, shaka inamnyima raha, naye anaiondoa kidogo kidogo: imeshapita salama safari nyingi, itarudi na hii pia, Mungu hatawaacha maskini hawa. Mwishowe anaamini kwa dhati. Meli inazama, yeye anapokea fidia ya bima. Kwa Clifford mtu huyo ana hatia ya roho zile, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alichoamini kwa ushahidi aliokuwa nao. Kisha anauliza: na kama meli ingefika? Hatia isingepungua hata chembe, anajibu. Ingekosa tu mtu wa kuigundua.

Hilo ni gumu kumeza baharini, ambako kila anayerudi huhesabiwa kuwa aliamua vizuri. Boti hutoka siku ya bamvua katikati ya maji kupwa, wanagenzi wanne wakaokotwa nusu kilomita kutoka kwenye boya, wakicheka, na cheko lao likawa ushahidi wa safari inayofuata. Bernard Williams na Thomas Nagel, walioandika mwaka 1976 kuhusu bahati katika maadili, walionyesha kwamba binadamu hawaachi kuhukumu kwa matokeo: dereva mzembe aliyemgonga mtoto na dereva mzembe ambaye mtoto hakutokea njiani hawalaumiwi sawa, wala wenyewe hawajilaumu sawa. Clifford yuko sahihi juu ya kosa; Williams na Nagel wako sahihi juu ya watu. Kwa mwenye boti maana yake ni ya daftari: nusura ya ajali iandikwe kwenye ukurasa ule ule unaoandikwa ajali, na siku hiyo hiyo, kabla kicheko hakijaibadilisha.

Mtetezi wa mwenye boti ataleta fomu. Mgeni alisoma, akatia sahihi, akakubali hatari zote. Lakini kukubali kunahitaji kujua kinachokubaliwa, na asichokijua mwanagenzi ndicho hasa kinachomfanya awe mwanagenzi. Fomu inaweza kuhamisha dai la fedha; elimu haihamishiki kwa sahihi. Fiqhi ya Kiislamu ina jina la kitu cha mtu kilicho mikononi mwa mwingine kwa kuaminiwa, amana, na mwenye kuipokea hatozwi kwa kila ajali, ila hutozwa kwa uzembe na kwa kuvuka mipaka. Kipimo hicho kinafaa kuliko fomu. Hakimtaki nahodha awe mdhamini wa bahari. Kinamtaka aseme kumbi lilichukua sekunde ngapi, na kama hakulitupa, kwa nini.

Wapiga mbizi wana desturi moja inayolipa sehemu ya deni hilo: yeyote anaweza kusitisha mzamo, wakati wowote, kwa sababu yoyote, na haulizwi. Ishara yake ni kidole gumba kilichoelekezwa juu. Mgeni hufundishwa hilo ufukweni kwa kurudiwarudiwa, kwa kuwa nchi kavu gumba hilo lina maana ya safi kabisa, na akisahau majini humpongeza mkufunzi na kujikuta anapandishwa juu. Nyuma ya kituko hicho kuna mpango wa haki ambao mabunge mengi hayajaufikia: kwenda kunahitaji kauli ya wote, kurudi kunahitaji kauli ya mmoja. Asiye na elimu ya kuamua kwamba bahari inafaa amepewa mamlaka kamili ya kuamua kwamba haimfai. Mamlaka hayo yana wakati wake. Aliyepatwa na hofu hukimbilia juu akiwa amezuia pumzi, na hewa iliyovutwa mita 10 chini hutaka nafasi maradufu ikifika juu, nafasi ambayo mapafu hayana. Bahari nzuri kwa mwanagenzi, kwa hesabu hiyo, ni ile inayompa muda wa kuogopa polepole.

Maandiko ya dini yamelitazama jambo hili kwa makini kuliko inavyodhaniwa. Sura ya 27 ya Matendo ya Mitume inaanza na kosa la shwari. Msimu wa kusafiri umepita. Paulo, ambaye ni mfungwa, anaonya kwamba safari itakuwa na hasara. Akida anamsikiliza nahodha na mwenye merikebu, na walio wengi hawataki kukaa miezi ya baridi katika bandari ile ya Krete isiyofaa. Kisha upepo wa kusini unavuma polepole, nao wanadhani wamepata walichokitaka. Hawajafika mbali, dhoruba ya kaskazini-mashariki inawashukia na kuwapeleka siku kumi na nne. Hapo kisa kinageuka cha kitheolojia. Paulo anawaambia malaika amemhakikishia kwamba hakuna roho itakayopotea. Baadaye mabaharia wanataka kutoroka na mashua ndogo, wakijifanya wanakwenda kutia nanga za omo, na huyo huyo aliyeleta ahadi anamwambia akida kwamba watu hawa wasipobaki merikebuni hakuna kuokoka. Askari wanazikata kamba za mashua. Watu 276 wanafika nchi kavu Malta.

Ikiwa usalama ulishaahidiwa, mabaharia walikuwa wa nini? Mwandishi wa kisa haoni tatizo. Ahadi ilikuja ikiwa na watu wenye ufundi ndani yake, na kuwaachia waondoke kungekuwa kuirudisha. Hadithi iliyomo katika mkusanyiko wa Tirmidhi inasema hilo kwa mfano wa ngamia: mtu anauliza kama amfunge, au amwache na kutawakali, anaambiwa amfunge, kisha atawakali. Mwenye meli wa Clifford naye alitawakali, na ngamia wake alikuwa hajafungwa. Kwa hiyo dua inayosomwa boti ikiondoka haiwezi kuhesabiwa kuwa imani wala ushirikina mpaka ijulikane kamba ya boya ilitazamwa au haikutazamwa.

Al-Kahf ina chombo pia. Musa anafuatana na mja aliyepewa elimu maalumu, ambaye mapokeo humwita Khidri. Wanapanda jahazi la maskini, na yule mja analitoboa. Musa anashindwa kuvumilia. Mwisho anaelezwa kwamba mbele palikuwa na mfalme anayenyang'anya kila chombo kizima. Safari iliyofutwa inafanana na jahazi lililotobolewa. Hasara yake inahesabika, fedha za wageni sita zinarudishwa na mafuta yameshanunuliwa, wakati faida yake haitaonekana kamwe. Tofauti ni kwamba Khidri alijua kilichokuwa mbele. Nahodha anatoboa kwa kukisia. Huenda saa tano bahari ikalala kama mkeka, wageni wakamtazama kwa jicho la walioibiwa, naye hana cha kuwaonyesha, kwa kuwa ajali ambayo haikutokea haitupi mabaki ufukweni.

Hapo falsafa hufika kwenye mshahara. Nahodha anayelipwa kwa safari huona shwari mapema kuliko anayelipwa kwa mwezi, na si lazima awe mwongo. Ni yule mwenye meli wa Clifford anayefanya kazi ndani yake, shaka moja baada ya nyingine. Kumhubiria ukweli hakutasaidia kama kumlipa siku ambayo boti haikutoka.

Katika Gorgias, Plato anamtaja nahodha anayemvusha mtu na watoto wake na mali yake kutoka Aegina kwa oboli mbili, kisha anatembea ufukweni kando ya chombo chake bila majivuno. Nahodha huyo, anasema, anajua kufikiri: hawezi kusema ni abiria yupi amemfaa kwa kutomwacha azame na yupi amemdhuru, maana amewashusha wakiwa vile vile walivyopanda. Wanagenzi wanaorudi Forodhani hawashuki kama walivyopanda. Chumvi imekauka nyusini, na yule bwana wa mkanda, aliyekuwa kimya asubuhi yote, anaeleza kwa mikono jinsi kasa alivyogeuza shingo kumtazama. Nahodha anaitikia kwa kichwa tu. Yuko tezi na kamba mkononi, anatazama mstari wa maji kwenye ukuta umeshuka ngazi ngapi.